Mitumba na bahari: Karume, Bagamoyo, Tanga mpaka Pangani kusaka masweta ya kufumua

Tumesharudi, nguo zimefuliwa, sasa nimekaa na picha za kwenye simu na karatasi za gharama nizipange kabla sijasahau nani alituuzia nini wapi. Kwa wasionijua mi nafuma, vitambaa vya makochi, vya meza, kofia za watoto, na uzi sinunui dukani, nafumua masweta ya mtumba. Watu wengi wanadhani sweta linatafutwa kwenye baridi, Arusha au Lushoto au Njombe huko, lakini huko sweta ni mali, mwenye meza anaijua bei yake na ukienda mwezi wa sita ndo usiseme kabisa. Mi naenda kwenye joto. Belo la mchanganyiko likifunguliwa mji wa pwani, magauni na tisheti zinagombaniwa, sweta linabaki chini linakanyagwa na muuzaji anataka tu limtoke mbele ya macho. Ndo maana safari zangu za uzi zinakuwa hapohapo safari za bahari, na wifi yangu hakosi kwa sababu hiyo ya pili. Yeye anachora, biro na kaunta buku basi, hana makuu.

Ijumaa, Karume

Soko la Karume, Ilala, Dar, lile lililoungua Januari 2022, watu walisharudi na meza zao na ratiba ni ileile ya miaka yote. Alfajiri mabelo yanakatwa mikanda, wanaouza mitandaoni wanapiga kamera, wanalipa bei kubwa wanasepa. Saa nne hivi bei imelegea, ikifika alasiri unasikia tu jero jero jero, buku buku, chagua mwenyewe dada. Mi sina haraka ya alfajiri sababu hakuna anayenigombania, tulifika saa tatu tukapiga kwanza chai na chapati mbili mbili kwa mama mmoja pembeni ya barabara, 2,600 wote wawili.

Muuzaji wa kwanza niliyemuulizia masweta aliniangalia juu mpaka chini. "Dada, jasho lote hili unatafuta sweta, unaumwa homa?" Wenzake wakacheka, na mi nikacheka, alafu akaingiza mkono chini ya meza akavuta fuko zima lililojaa vumbi.

Wanaotaka kuanza wajue hili, sweta linachaguliwa kwa ndani siyo kwa nje. Ligeuze uangalie mshono wa ubavuni. Ukikuta umepigwa ovaloki, ile mashine inayozungushia ukingo nyuzi nyingi, rudisha hata kama rangi inakuita, sababu hapo kitambaa kilikatwa na mkasi kabla ya kushonwa, ukikifumua unapata vipande vya uzi vya upana wa kifua tu na utafunga mafundo mpaka uchukie. Unachotaka ni vipande vilivyofumwa kwa umbo lake, ukingo mzima, vikaunganishwa kwa uzi mmoja wa mnyororo. Huo ukiukata sehemu moja ukauvuta kwa upande wake, mshono wote unafunguka wenyewe mpaka kwapani, trrrr, raha yake jamani. Alafu likunje kona, likiwa gumu na manyoya yameshikana kama zulia, hiyo ni sufi ya kondoo iliyoingia maji ya moto, haifumuki hiyo mpaka kiama.

Nilitoka na matano kwa buku jero moja moja, la kiume moja kubwa rangi ya maroon ambalo peke yake ni nusu kilo ya uzi. Wifi kwa muda wote huo alikuwa amekaa juu ya belo anamchora yule kijana anavyokunja suruali, kijana alipoiona akaiomba, wifi akachana karatasi akampa, na sisi tukapewa shuka mbili za pamba bila kulipa. Nilijaribu kumpa chochote akagoma, "nendeni mama zangu, leo nimepigwa picha ya mkono".

Jumamosi, Bagamoyo

Tulipandia gari stendi ya Makumbusho. Ni kama kilomita 70 tu lakini usipange kwa kilomita, panga kwa foleni, maana mpaka tuipite Tegeta nilikuwa nimeshafumua mkono mzima wa sweta la kwanza. Wifi wa watu ameshika mpira wa uzi mi navuta, konda anatuangalia kwenye kioo anatikisa kichwa. Baada ya Bunju gari likakimbia, Mapinga, Kerege, Zinga, tumefika. Nauli 3,000 kila mtu na mizigo hawakututoza kwa sababu bado ilikuwa mepesi.

Gesti 25,000 yenye feni na chandarua, maji ya ndoo. Tukaweka vitu tukateremka soko la samaki. Maji yalikuwa yamekupwa, majahazi yamelala ubavu kwenye matope, na hapo ndo wifi akapotea, yaani mtu yupo mbele yako lakini hayupo. Nilimwacha kwa mama mmoja anayekaanga pweza nikaingia mtaani. Mvua ikashuka ghafla ile ya pwani isiyobisha hodi, niliporudi nikamkuta yupo ndani ya banda la yule mama, kaunta buku limefungwa kwenye mfuko wa rambo na lipo kifuani kwa mama mwenyewe lisilowe, wifi mwenyewe ameshikilia turubai upande mmoja. Pweza wa 2,000, chachandu kali, tukakaa mpaka mvua ikatike.

Mitumba ya Bagamoyo siyo mingi, meza chache karibu na stendi, ukitaka magauni rudi Karume. Lakini kwenye meza ya mwisho kulikuwa na kijana amekalia kiroba na mkono wa sweta umechungulia nje. Nikamuuliza kiti bei gani. Akadhani namtania. Nikamwambia sitanii, fungua nione. Akasema haya yapo tangu mwaka juzi, kila belo linakuja nayo, nimechoka kuyatupa nimeyafanya kiti. Kumi na kitu, karibu yote ya mnyororo! Tukavutana kidogo, 12,000 na kiroba juu yake, akabaki amesimama anatafuta ndoo ya kukalia.

Jioni bajaji mpaka Kaole, kilomita chache kusini ya mji. Makaburi yenye nguzo, msikiti wa kale, na mbuyu. Asubuhi ya Jumapili kabla ya kuondoka wifi alitaka pia misheni ya Kikatoliki, ile iliyoanzishwa 1868, akakaa mbele ya mnara wa kanisa la zamani ambapo mwili wa mmisionari David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mi historia nilisikiliza nusu, nilikuwa naangalia kitambaa cha madhabahu kimefumwa kwa mkono na uzi mweupe mwembamba sana na nikakipiga picha kama kumi, pindo lake nimeshaliiga.

Mambo ya bahari: kabla hujapanga siku ya kuogelea angalia mwezi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ndo bamvua, maji yanakupwa mbali utatembea mpaka uchoke ndo uyakute, na yakijaa yanajaa kweli. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake, kwahiyo ukiuliza wavuvi leo unaweza kupiga hesabu ya kesho kutwa mwenyewe.

Jumapili, Msata na barabara ya Tanga

Kutoka Bagamoyo siyo lazima urudi Dar ndo uende Tanga. Kuna lami nzuri mpaka Msata, kilomita 64, inatokea kwenye barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, hapo unasubiri basi linalotoka Dar. Shida ni hilo neno kusubiri. Mabasi yanakuja yamejaa, Jumapili ndo kabisa, na wapiga debe wa pale wakiona mzigo wanaanza kukupangia bei zao. Tulikaa karibu masaa matatu. Mama wa mgahawa alitutolea benchi tukae kivulini bila kununua kitu, baadaye tukaona aibu tukala, wali maharage na dagaa 2,500, na mmoja alipotutajia elfu 30 kila mtu mpaka Tanga yule mama akatoka na mwiko mkononi. "Hao wageni wangu, waambie bei ya kweli." Tulipanda kwa 14,000. Mama, kama unasoma hii, mwiko wako nausimulia kila ninapokwenda.

Daraja la Wami jipya ni pana, ambao walipita lile la zamani la gari moja moja wanajua tulikuwa tunasema dua gani pale. Mkata, Kabuku, Segera, usingizi. Niliamka mkonge umeanza, mistari na mistari pande zote mpaka unaumwa macho. Mkonge huu uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche ilitoka Florida Marekani ipatayo elfu moja na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, haya mashamba yote ya Tanga chanzo ni hiyo 62. Mtu wa nyuzi kama mimi nikifikiria hilo mwili unasisimka, wifi yeye alikuwa anasisimkia machungwa. Muheza basi likisimama wanaingiza sinia dirishani, yameshamenywa, kumi kwa 1,000, na ganda lote linaishia chini ya kiti.

Stendi ya Kange ipo nje ya mji, usimwambie ndugu yako akupokee mjini, na bajaji za usiku pale taja mtaa na bei kabla hujaweka mzigo. Sisi tulilipa 5,000 mpaka gesti ya Ngamiani.

Jumatatu, Tanga

Tanga naipenda kwa sababu hakuna anayekimbia. Mitaa ya Ngamiani ina namba, barabara ya ngapi barabara ya ngapi, hata mgeni hapotei, na baiskeli ni nyingi kuliko kelele. Chai ya maziwa, kachori na mihogo ya kukaanga, 3,000 tumeshiba.

Mitumba tuliizunguka upande wa Soko la Mgandini. Hapa ndo niliona joto linavyofanya kazi yake, muuzaji mmoja ametenga masweta kwenye boksi lililoandikwa kwa makapeni MIA TANO CHUKUA HATA MAWILI, maana yake nilivyokuja kuelewa ni mawili kwa jero. Sikuuliza mara mbili. Pembeni yake kulikuwa na fundi cherehani, mzee, akanishangaa ninavyogeuza kila moja na kuchungulia ubavu, akaniita. "Mwanangu, wewe unatafuta mshono au unatafuta nguo?" Nikampa shikamoo nikamweleza. Akazima cherehani, akatoa wembe, na kwa dakika kadhaa akanionyesha namna ya kupata kichwa cha ule mnyororo. Unatazama upande ambao vishono vimekaa herufi ya V, kichwa kipo pale V zinapofunguka, ukianzia upande wa pili utavuta mpaka uzi ukatike na haufunguki. Mi miaka yote nilikuwa nabahatisha. Nikamwachia shuka moja ya zile za Karume, akaishika kwenye mwanga akasema hii pamba, hii ni suruali tatu za watoto.

Mchana Raskazone. Kiingilio kidogo, kivuli, ngazi za kushukia majini, na maji yalikuwa yamejaa kwa hiyo hesabu ya Bagamoyo ilikubali. Wifi aliogelea mi nikakaa ukingoni nimetumbukiza miguu, nafumua. Watoto wakaja wakanizunguka, mmoja akashika mpira, mwingine akaufuata uzi mpaka mwisho akauliza hii nguo umeiharibu kwa nini. Nikamfundisha mnyororo wa kroshia kwa kidole bila sindano, akafuma kamba ndefu akaifunga kwenye dumu lake la kuelea, akazama nayo.

Usiku gesti nikafanya jaribio la moto, na hili msilifanyie chumbani. Chukua kipande kifupi cha uzi, shika kwa koleo au kibanio, weka kwenye mwali wa kibiriti juu ya sahani ya bati. Ikinuka nywele zilizoungua na majivu yakavunjika ukiyafinya, hiyo ni sufi ya kondoo ya kweli. Ikinuka karatasi ni pamba. Ikiyeyuka ikadondoka ikawa kijiwe kigumu cheusi ni akriliki, na akriliki nayo siyo mbaya, kwa vitambaa vya makochi ndo nzuri maana inafuliwa hovyo. Nilikuwa kwenye baraza lakini mzee wa gesti akatoka na kandambili mguu mmoja, nani anachoma nywele humu usiku? Alivyoelewa akaleta kofia yake ya baridi tuipime. Akriliki. Akasikitika sana, aliambiwa ni sufi ya Uingereza.

Jumanne, Pangani

Kilomita kama hamsini kusini, coaster 4,000, na tulipopita sisi barabara ilikuwa kwenye ujenzi, mchepuko juu ya mchepuko, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Vaa mtandio. Tongoni makaburi ya kale unayapita njiani, hatukushuka.

Pangani ni mji mdogo kwenye mdomo wa mto, majumba ya zamani yamechoka na milango mizuri bado ipo, wifi aliimaliza biro ya kwanza hapa. Wenyeji watakwambia habari za Abushiri aliyewapinga Wajerumani kuanzia 1888 na kunyongwa hapahapa Desemba 1889. Mitumba hakuna ya maana na sikuifuata hiyo. Tulivuka na kivuko kwenda Bweni, mwendo mfupi tu, watu na baiskeli na mbuzi, tukatembea kidogo kandokando ya minazi, na kwenye baraza la nyumba moja ya udongo tukamkuta bibi anasuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu, karibuni, mmetoka kwa nani?"

Hatukuwa tumetoka kwa mtu lakini jibu hilo halikumzuia kutuletea jamvi na madafu. Alikuwa na ukindu, yale majani ya kusukia, wa aina mbili, mweupe uliokauka juani na mwingine ametia rangi ya zambarau, anaulowesha kwenye bakuli usivunjike, na vidole vyake havikusimama hata alipogeuka kumkemea kuku. Ukili wenyewe upana wa vidole vinne umezungushwa pembeni yake bunda zima. Aliniambia mkeka wa mtu mmoja unakula ukili mwingi kama huo, na kusuka siyo kazi, kazi ni kushona, pale unapozungusha na kuunganisha ukingo kwa ukingo lazima ulingane la sivyo mkeka unainuka katikati hauwezi kulalia. Ilibidi nicheke maana kitambaa cha duara cha kroshia kina ugonjwa huohuo, ukikosa kuongeza vishono kinageuka kofia. Nikamtolea kimoja nilichokuwa nakifuma, akakilaza kwenye goti, akakipapasa ukingo, akasema, "Hapa umebana." Na kweli nilikuwa nimebana.

Alinipa nafasi ya kusuka kidogo, akaufumua wote nilipomaliza, bila kusema kitu. Nikamwachia mpira mmoja wa sufi ya maroon aungeungie anavyotaka, naye akanikatia ukili wa zambarau wa kutosha mpini wa kikapu. Pesa hakupokea, soda ya wajukuu alipokea.

Kivuko cha kurudi kilichelewa sababu ya gari moja kunasa kwenye mchanga wa gati, wote tukashuka kusukuma, wifi akabaki juu anachora wanaosukuma. Coaster ya mwisho kwenda Tanga tuliiwahi kwa kukimbia. Ukienda kwa siku moja uliza muda wa gari la mwisho kabla hujavuka mto, siyo baada.

Jumatano, nyumbani

Tanga kwenda Dar nzima nililala. Isipokuwa Kange asubuhi, ambapo tulitajiwa elfu 10 ya kiroba kwa sababu ni biashara. Nikafungua kiroba nikamuonyesha aliyetutajia masweta yaliyofumuliwa nusu, mikono bila vifua, vifua bila mikono, akauliza hii biashara gani, akachukua 3,000.

Kazi ya nyumbani sasa. Fumua kuanzia juu, shingoni na mabegani, maana nyingi zimefumwa kutoka chini kwenda juu na ukianzia kwenye mkia zinakataa. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga kwa vipande sehemu nne usijichanganye, loweka maji ya kawaida na sabuni kidogo, sufi usiisugue, alafu tundika kivulini na chupa ya maji iliyojaa nusu kwa chini ivute yale mawimbi. Siku mbili unanyooka.

Gharama za uzi wote, Karume, kiroba cha Bagamoyo na lile boksi la Tanga, hazikufika elfu 25. Nauli, kulala na kula ndo zimekula pesa, lakini hizo naandika upande wa bahari. Matatu yalikuwa na ovaloki ambayo sikuiona gizani, hayo nimempa jirani anakata anatengeneza vishikio vya sufuria. La maroon limeshakuwa kitambaa cha kochi kubwa, pindo la Bagamoyo, na pale bibi aliposema nimebana nimefumua nikarudia.